Neno Mdomoni mwa Muuza Chumvi

Ekvik, juma linalofuata Sikukuu ya Mtakatifu Benedikto

Kwa binti yangu mpendwa Gyrid, mke wa Vigmund wa Skuldal,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini zitakufikia ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Unisalimie, kwa heshima inayowastahili, mumeo Vigmund na mama mkwe wako Ragnfrid, na wote wanaokula katika nyumba ile. Mimi sijambo kwa neema ya Mungu, ukiondoa kikohozi ambacho kimekataa kuondoka na theluji. Ng'ombe wamevuka baridi salama, hata yule mwenye pembe moja ambaye marehemu mama yako alikuwa akimlalamikia kila asubuhi.

Naomba radhi, mwanangu, kwa kuchelewa kukujibu. Kosa si langu wala si la Botulf muuza chumvi, bali ni la ziwa. Unajua majira haya yalivyo: barafu ni nyembamba mno kumbeba farasi, tena ni nene mno kupitisha mashua, na watu wa pande mbili hubaki wakitazamana kama waliogombana. Kila siku nimeteremka hadi majini nikaipiga barafu kwa fimbo. Jana imepasuka.

Uliniandikia kwamba Ragnfrid amekuchagua wewe uketi kama mke kando ya sanamu ya Fro, mungu wao wa mavuno, wakati huu wa kupanda, ndani ya gari lake la farasi lenye pazia, mzunguke shamba kwa shamba hadi mbegu ya mwisho iingie ardhini. Na kwamba kwa desturi ya Skuldal mwanamke hapandi gari hilo bila neno la baba yake. Unaniomba neno hilo. Umeniambia pia, kwa maneno machache ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko mengine yote, kwamba tangu uolewe hujapata mtoto, na kwamba Ulvrik, baba mdogo wa mumeo, ameanza kuuliza mbele ya watu sanduku lako la harusi liliwekwa wapi, kama mtu anayetaka urudishwe kwetu.

Nisamehe kwa nitakayoyasema. Siwadharau watu wa Skuldal. Baba yangu mwenyewe alimchinjia Fro nguruwe dume kila mwaka, akamwomba mavuno mema na amani, na alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Lakini nilipokuwa kijana nilipelekwa kwa mapadri wa Saksonia, wakanifundisha kusoma na kusali, na wewe ulibatizwa ukiwa mchanga mikononi mwangu, ukilia hata padri akapoteza mstari. Siwezi kukutoa ukawe mke wa gogo lililochongwa, hata kwa msimu mmoja, hata kwa ajili ya mjukuu ambaye namtamani kuliko ninavyothubutu kusema. Jibu langu ni hapana. Mweleze Ragnfrid kwa upole, na umwambie kwamba namheshimu kama zamani.

Nimemwomba Botulf akufikishie pia, kwa kinywa chake, ile baraka yangu ya siku zote niliyofundishwa na mapadri, ili usidhani kwamba baba aliyekukatalia amekasirika.

Barua hii anaibeba yeye Botulf, ambaye ananiharakisha kwa sababu upepo ni mzuri.

Ni mimi baba yako,
Audolv


Skuldal, siku ambayo majembe yametolewa ghalani

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini kikohozi kimepungua. Kunywa maziwa ya moto na asali, wala usisingizie kwamba asali ni ya wageni. Sisi hapa hatujambo. Vigmund anakusalimu, mgongo umemshika kwa ajili ya kulima. Mama mkwe naye anakusalimu, na salamu zake safari hii ni ndefu kuliko kawaida. Utajua kwa nini.

Barua yako nimeipata, nikaisoma pembeni ya zizi. Baba, nilielewa kila neno. Lakini umesahau jambo moja kuhusu watu wa huku. Kwao maandishi ni mikwaruzo juu ya ngozi ya ndama. Neno la mtu ni lile lililotoka mdomoni likasikika mbele ya nyumba nzima.

Nilipoingia ndani, Botulf alikuwa ameshakalishwa, na watu wote wamejaa. Mama mkwe akamwambia, "Botulf, tua chumvi yako. Mzee amekupa nini?"

"Amenipa barua, mama. Na jibini, lakini hiyo nimeshaila njiani."

"Ngozi ni ya Gyrid, sikuulizi habari za ngozi. Nakuuliza alichokitia mdomoni mwako."

"Aah, hicho. Alisema hivi: 'Namkabidhi binti yangu kwa Fro, amshike mkono, asimwache.'"

Ulvrik akaweka chini kikombe chake. "Mzee wa msalaba ndiye kasema hivyo? Hebu rudia."

"Nirudie mara ngapi, bwana? Nilipewa ujumbe, sikupewa wimbo."

"Rudia tu, mwanamume wewe. Chumvi yako yenyewe nusu mchanga, nitaaminije mdomo wako?"

Akarudia, sawasawa na mwanzo. Mama mkwe akasema, "Basi. Wote mmesikia." Vigmund akanitazama, nami nikaitazama barua yako mkononi mwangu.

Mimi najua ulimaanisha nini, baba. Katika Kisaksoni cha mapadri wako fro ni bwana, na hivyo ndivyo umemwita Mungu wako tangu nizaliwe. Hadi leo nikisikia mtu anakohoa kabla ya kula nangoja neno hilo lifuate. Lakini huku Fro ni mmoja tu, huyo ambaye wafanyabiashara wa Aislandi humwita Frey, mwenye shayiri na mvua na watoto. Hata mbegu yenyewe tunaiita fro. Ningeweza kusimama nikasema, "Baba hakumaanisha huyo." Mdomo niliufungua. Kisha nikamwona Ulvrik anatazama kona ambako sanduku langu lipo, nikaufunga.

Kesho asubuhi nakaa garini. Usidhani nimekudharau. Nimechoka kuhesabiwa miezi na watu ambao hawanioshei hata sufuria.

Barua hii anaibeba mchoma lami anayeelekea kwenu. Mpe chakula, ni mtu wa haya.

Mwanao,
Gyrid


Ekvik, mkesha wa Jumapili ya Matawi

Gyrid, mwanangu,

Nakusalimu, na nauliza hali yako, ingawa naogopa jibu. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Nimeandika nikiwa nimesimama.

Mchoma lami amefika leo mchana. Nimemhoji mlangoni hadi nimeaibika, maana hakujua lolote isipokuwa kwamba gari limeondoka Skuldal na kengele zake, na kwamba ndani ya pazia ameketi mwanamke.

Botulf nilimtamkia neno hilo vizuri. Neno la mapadri huvutwa mwishoni, kama mtu anayepumua. Lile la Skuldal hukatwa. Nilimfanya alirudie hapa uwanjani, akalivuta vizuri kabisa. Sikufikiri kwamba atavuka ziwa zima akalifikisha likiwa limekatwa. Wala sikufikiri kwamba wewe, niliyekufundisha kusoma juu ya paja langu, ungelisikia likikatwa ukanyamaza.

Shuka garini. Sema kweli, hata kama umechelewa. Ukishindwa kuisema wewe, nitakuja kuisema mimi mbele ya watu wote. Nimemwambia hivyo Padri Gerbrand, na nimewaambia majirani, ili nisiweze kurudi nyuma.

Natuma barua hii kwa yule yule mchoma lami, ambaye amekubali kugeuza njia baada ya kula. Ni kweli ni mtu wa haya.

Baba yako


Ekvik, juma la pili baada ya Pasaka

Kwa binti yangu mpendwa Gyrid,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Kikohozi changu kimekwisha, kwa hiyo usikitumie kama sababu ya kuniandikia. Niandikie bila sababu.

Sijapata jibu lako. Huenda barua yangu haikukukuta, kwa kuwa mtu aliye ndani ya gari hana mahali. Huenda ilikukuta. Naomba radhi kwa ukali uliokuwamo. Ilinibidi niitume kabla sijaisoma tena, na sasa naisoma kila siku kichwani, nikiibadilisha.

Siwezi kutulia. Naanza kurekebisha uzio, naacha katikati, naenda kutazama ziwa. Kila anayepita namuuliza habari za gari. Mmoja alisema ameliona kule mashariki, limekwama matopeni, na watu wanalisukuma wakicheka. Mwingine alisema wanaume huacha visu na shoka zao mbali kabla ya kulikaribia, na kwamba maadui wawili wa muda mrefu walionekana wakilisukuma gurudumu moja. Nilimuuliza mwanamke wa ndani anaonekanaje. Akasema, "Mzee, pazia si lipo." Nilimshukuru, nikamwomba radhi kwa kumchelewesha.

Padri Gerbrand amekuja mara nyingi. Anasema jambo hili limefika hadi kwenye makanisa mengine: kwamba Audolv, aliyesoma kwa mapadri, amemtoa binti yake kwa Fro. Ananitaka niende barazani Skuldal baada ya mavuno, nikane kwa sauti. Hadi nitakapofanya hivyo, anasema, nisisogee kwenye meza ya Bwana. Nilimwambia kwamba nilishaamua kwenda. Alifurahi. Mimi sikufurahi, na sijui ni kwa nini.

Je, unakula? Je, kuna blanketi humo ndani?

Barua hii naikabidhi kwa wauza ngozi wanaoelekea sokoni, kwa matumaini tu.

Ni mimi baba yako,
Audolv


Skuldal, shayiri ikiwa imefika kiunoni

Baba yangu mpendwa, shikamoo sana.

Barua zako mbili zilinisubiri hapa, zimewekwa chini ya mto wangu na mama mkwe, hazikuguswa. Nisamehe kwa kimya. Ningejibu tangu niliporudi, lakini kila nikianza nilikuwa naandika uongo wa kukutuliza, nikaufuta. Sasa nakuandikia kweli yote.

Nilikula, baba. Nilikula nyama ya nguruwe mpaka nikaichukia. Blanketi lilikuwamo, ila lilikuwa na kazi nyingine. Samahani kwa hili, lakini fundi aliyeichonga sanamu ile hakuwa na haya hata kidogo. Mama mkwe alisafiri nami kote, akaitupia blanketi mapajani kwa ajili yangu, na kila tukiingia kwenye shimo linateleza. Naye anasema bila hata kugeuka, "Funika, mkwe, bwana atapata baridi."

Kila shamba watu walitungoja. Walikuja wanawake wakashika nguo yangu. Alikuja mzee mmoja kuomba mbuzi wake azae, akaona haya, akasema anaomba kwa niaba ya jirani. Niliwashika mikono wote. Sikujua la kusema, nikasema "mavuno mema na amani", kama babu alivyokuwa akisema. Lakini moyo wangu haukukaa. Kengele zikilia nilisikia kama wewe unanijia nyuma kwa miguu.

Siku ya mwisho, farasi wakinywa maji, nikashindwa. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, kuna jambo. Baba yangu hakumaanisha Fro huyu."

Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu. Akaendelea kukwangua. "Unadhani mimi kiziwi? Baba yako alilala kwangu siku za harusi yako. Alisali kando ya meko mpaka uji wangu ukaungua. Fro, Fro, Fro, asubuhi nzima. Nikamuuliza mama yako, huyu mwenzetu vipi, anamwita mungu wetu na nyama yake hali? Akaniambia, huyo ni wa kwake, wa Kisaksoni. Nimelijua tangu siku hiyo."

"Sasa kwa nini ulimuuliza Botulf mbele ya watu?"

"Kwa sababu Ulvrik halijui."

Akavaa kiatu chake. "Mwanamke aliyeketi na Fro hafukuzwi kwenye shamba ambalo Fro amelipitia. Azae, asizae. Hiyo ni desturi ya zamani kuliko Ulvrik na tumbo lake. Nilijua mzee wako ataandika hapana. Nilijua pia kwamba hatakutumia mjumbe mwenye mdomo mtupu. Yule mtu hawezi kumuaga hata paka bila kumbariki."

Ndivyo alivyosema, baba. Mwanamke ambaye nimemwogopa tangu niolewe.

Mtoto hayupo. Nakuambia mimi ili usisikie kwa mwingine. Nililia siku moja, Vigmund akalia siku mbili, kisha tukaenda kupalilia.

Sasa sikiliza lililobaki. Maneno uliyowaambia majirani yamevuka ziwa. Ulvrik ameyasikia: kwamba mzee anadai alieleweka vibaya. Ametangaza kwamba baraza la vuli likikaa, wewe uje ulitamke neno lako kwa kinywa chako mwenyewe, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, neno limevunjika. Mwanamke aliyepanda gari bila neno la baba yake hurudishwa kwao kabla ya theluji, na shayiri ikipata ukungu lawama ni yake. Vigmund anasema atakuja nami, lakini hili ni shamba la baba zake, na mimi namjua: atakuja na atakufa kidogo kidogo.

Sikuombi useme uongo. Hujawahi kuusema, na nisingependa uanze kwa ajili yangu. Nakuomba ujue tu kilichopo, kabla hujafungua mdomo.

Hii anaileta Botulf. Amekula kiapo kwamba neno lako hakulikata, na kwamba ni masikio ya Skuldal yaliyokata. Usimgombeze.

Mwanao akupendaye,
Gyrid


Ekvik, mkesha wa Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Kwa binti yangu mpendwa Gyrid,

Pokea salamu zangu, zikufikie wewe na mumeo mkiwa wazima. Kwa Bibi Ragnfrid sijui nitume salamu gani. Zile nilizozoea zinaonekana kuwa ndogo. Mwambie kwamba naomba radhi kwa ule uji.

Uniwie radhi pia kwa kuchelewa kiasi hiki, shayiri ikiwa imeshakatwa. Safari hii ziwa halina kosa. Nimekuwa nikiandika barua hii tangu Botulf aliponiachia yako, nami, niliyefundishwa kutafuta neno moja lililo sahihi, nimeharibu ngozi nyingi.

Nilikwenda kwa Padri Gerbrand. Nilimsomea ulichoandika, nikiruka yaliyohusu blanketi. Alisikiliza vizuri, ni mtu mwema, na yuko mbali na kwao. Kisha akasema, "Audolv, wewe ni mtu wa shule. Simama barazani useme neno ambalo halina masikio mawili."

Nikamwambia, "Padri, neno hili lilitoka kwenu. Mimi nilikuwa na Fro mmoja tu nilipokuja shuleni."

"Basi litupe. Sema Kristo. Sema, sikumkabidhi kwa sanamu."

"Nikisema hivyo, binti yangu atarudishwa na lawama ya njaa ya watu kichwani mwake."

"Atarudi kwako. Je, hilo si jambo jema? Uko peke yako."

Nakiri kwako, mwanangu, kwamba hapo nilishawishika. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Niliona kiti chako kikiwa na mtu. Nikafika mpaka kufikiri ni ng'ombe gani tungekamua kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba katika barua yako yote hukuniomba mahali popote kwangu pa kulala.

Nikamwambia, "Padri, wataniuliza kama nilimkabidhi binti yangu kwa Fro. Nilimkabidhi. Nilimkabidhi ili ashikwe mkono, asiachwe, na naona kwamba ameshikwa, hajaachwa. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema kwamba ombi langu halikusikiwa."

"Watakusikia vibaya."

"Watanisikia watakavyo. Aliyeombwa alinisikia vizuri."

Hakukasirika. Alisema tu kwamba hawezi kunipa mkate, na kwamba itakuwa hivyo mpaka mmoja wetu abadilike au afe. Nilimshukuru kwa uwazi wake. Tangu hapo, kila Jumapili nasimama nje ya kanisa, upande wa kaskazini ambako mbao zimeachana, nasikia karibu yote. Jumapili iliyopita alisoma polepole kuliko kawaida, na nadhani alisogea upande ule.

Usidhani kwamba nimegeuka. Sitagusa nyama ya nguruwe wao, na kikombe cha Fro kikizunguka kitanipita. Waombe waniwekee maziwa bila maneno mengi. Nikiulizwa zaidi ya ndiyo au hapana, nitasema kwamba mimi ni mzee na nimetoka mbali. Ndiyo yangu itakuwa ndiyo. Nitaitamka kwa kifupi, kama watu wa huko wanavyoitamka, wala sitaivuta.

Bado moyo haujatulia, wala sitegemei utulie. Nimewaacha ng'ombe kwa jirani, nimefunga mlango, nimeufungua tena nikachukua kofia.

Mashua ya Botulf iko hapa chini na ananiita kwa sauti isiyo na adabu. Barua hii haendi nayo yeye. Nimeitia kifuani, ndani ya koti, nami nitakupa mkononi mwako kabla sijaingia barazani, ili uisome pembeni ya zizi huku mimi nikiwasalimu wenyeji.

Ni mimi baba yako,
Audolv